Maji ya Fundi Betri

Suruali za Fundi Betri hazikupata kumaliza mwaka zikiwa nzima. Tindikali ilizitoboa magotini na mapajani, vitundu vidogo kama vilivyochomwa na cheche, na yeye alivishona kwa uzi wa rangi yoyote aliyoipata. Mikono yake nayo ilikuwa na madoa meupe mpaka kwenye viwiko. Ukikutana naye mara ya kwanza ungedhani ana maradhi ya ngozi, ungesita kumpa mkono. Alilijua hilo, kwa hiyo alizoea kusalimu watu akiwa ameshika kitu, nyundo au kofia au kipande cha waya, ili asimtie mtu aibu ya kusita.

Tulikaa naye safu moja ya nyumba kwa muda wa mwaka mmoja hivi, nje ya Nachingwea, miaka ile ya mradi wa karanga wa wazungu. Sisemi kambi kubwa, ile yenye reli na hospitali. Yetu ilikuwa kambi ndogo ya mkandarasi aliyepewa kazi ya kung'oa visiki, na hata nikilitaja jina lake leo hakuna atakayelikumbuka. Mume wangu alikuwa dereva wa trekta. Mimi nilikuja kutoka Chinongwe na mtoto wangu wa kwanza, Asha, mgongoni, na Kiswahili changu kilikuwa cha kuokoteza sokoni, kwa kuwa nyumbani tulisema Kimwera. Fundi Betri alikaa peke yake chumba cha mwisho cha safu yetu. Alitoka wapi sikuwahi kujua. Wapo waliosema ng'ambo ya Ruvuma, wapo waliosema Masasi. Ukimwuliza mwenyewe alijibu kwamba ametoka kazini.

Kazi yake ilikuwa kwenye kibanda cha bati nyuma ya gereji. Trekta haziamki bila betri, na betri za kambi nzima zilimtegemea yeye. Alizifungua, akazisafisha, akazipa tindikali, akaziongezea maji. Maji hayo hayakuwa ya kisima. Alikuwa na mtambo wake, sufuria kubwa iliyofunikwa ikabanwa kwa skrubu, na bomba la shaba lililojizungusha ndani ya ndoo ya maji baridi. Maji yalichemka, mvuke ukapita kwenye bomba, ukapoa, ukadondoka tone moja moja kwenye chupa. Siku nzima ya kuni ilimpa chupa moja. Mume wangu alisema kibanda kile kilimfanya ajisikie yupo hospitalini, kwa jinsi kilivyokuwa kimya, na kwa ile harufu iliyokaba koo.

Ndani ya chumba chake alifuga samaki.

Watu walipolisikia hili walicheka, kisha wakaacha kucheka. Samaki kwetu ni kitu cha kula. Lakini hawa walikuwa wadogo kama kidole cha mtoto, madume yana rangi ya samawati na mikia myekundu kama pilipili iliyoiva, majike yamepauka. Ni wale wanaoonekana kwenye madimbwi ya kando ya Mbwemkuru mvua zikinyesha, na madimbwi yakikauka hawapo tena. Wazee wetu walisema wanaanguka na mvua. Yeye aliwafuata mwenyewe, siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na kopo lililofunikwa kitambaa. Nyumba yao lilikuwa kasha la kioo lililokuwa betri ya zamani ya mtambo wa taa, kioo kinene cha kijani, ungeweza kumkalisha ndani mtoto wa miezi sita. Lilikuwa limetupwa kwenye jalala la gereji likiwa na ufa wa juu. Aliuziba kwa lami.

Nilimwuliza mara moja kwa nini anawafuga. Alisema kwamba mvua ikiisha wanakufa wote, na yeye alitaka kuona kama ni lazima.

Kuwaweka hai ilikuwa kazi kuliko kulea. Maji ya kambi yalikuwa mazito, ya chumvi na udongo, yaliletwa na lori kutoka mbali na kutiwa kwenye pipa. Hayo hakuyaamini. Alileta nyumbani maji ya mtambo, kidogo kidogo, akayaweka akiba ndani ya chupa nne kubwa zenye shingo nyembamba, zile zilizoleta tindikali kutoka pwani ndani ya vikapu vya waya. Alizisugua kwa majivu, akazisuuza kwa maji ya moto, akaziacha juani siku kumi kabla ya kuzitumia. Alizipanga kwenye kona ya giza, juu ya mchanga, akazifunika kaniki, maana alisema mwanga ukiyafikia maji yanaota kijani. Hakuyachota kwa kikombe, aliyavuta kwa mpira mwembamba, na mpira huo ulikuwa na msumari wake ukutani ambapo hakuna kitu kingine kilichotundikwa. Chupa moja ilitumika, tatu zilipumzika.

Mwaka wa kwanza samaki wake walikufa wote ndani ya maji yale safi, na hakujua sababu. Mwaka wa pili alianza kutia ndani ya chupa tope kavu la dimbwi lao, bana moja tu ya vidole, akayaacha maji yakae siku tatu kabla ya kuwapa. Wakaishi. Alinieleza jambo hili kwa furaha niliyoiona kwake mara chache sana. "Maji matupu ni matupu, Mama Asha," alisema. "Hata samaki anataka chumvi kidogo ya kwao."

Alikuwa na maneno yake ya namna hiyo, na mengi hayakuwa ya kufurahisha. Alisema usiamini chombo mpaka ujue kilibeba nini jana. Alisema mtu anayeharakisha tindikali ataoga nayo. Mume wangu alipomwambia kwamba karanga zitatutajirisha sote, Fundi alimjibu kwamba ameshaona betri nyingi zinazowasha taa saa moja kabla ya kufa. Waliposikia hayo wenzake gereji walimwita mchuro, mleta mkosi. Hakukasirika. Alikuwa mtu wa kusikiliza mlio wa trekta kwa mbali na kusema ile haitarudi jioni, na kweli haikurudi.

Mkarimu alikuwa. Sukari yake ilikuwa ya safu nzima. Alimpa mume wangu koti la mvua akabaki analowa. Mtoto akilia nje, yeye ndiye wa kwanza kuchungulia. Lakini maji yale hakumpa mtu hata tone. Mwezi wa nane wa mwaka ule, lori lilipopotea siku mbili na wanawake tukakwangua mitungi, mwanamke mmoja wa safu ya pili alikwenda kumwomba kikombe cha kumnywesha mgonjwa. Alikataa. Alimpa chai yake iliyopoa, akampa na birika, lakini maji ya chupani akakataa. Alisema si ya mtu. Baadaye nilielewa kwamba aliogopa. Chupa zile zilibeba tindikali, na ingawa alizisugua mpaka vidole vikachubuka, hakuwa tayari kujaribia usafi wake kwenye koo la binadamu. Lakini hakumweleza yule mwanamke hivyo. Alisema si ya mtu, akafunga mlango.

Neno lile lilizunguka kambi. Kama si ya mtu, ni ya nani? Wakati ule habari za mumiani zilikuwa kila mahali, za watu wanaokamata watu na kuwatoa damu, na kila aliyesimulia alitia chupa ndani ya hadithi. Yeye alikuwa na chupa kubwa nne zilizovishwa kaniki, hana mke, ana viumbe wenye rangi wasiokufa kiangazi kinapofika. Wanawake walianza kupita mbali na mlango wake. Mimi sikupita mbali, kwa kuwa nilikuwa jirani na nilimwona akishona suruali. Lakini nakiri kwamba jua likizama sikupenda kutazama kile kioo.

Mwezi uleule pipa la maji la kambi lilitoboka, mkandarasi akaleta jingine. Lilikuwa limepakwa rangi mpya ya kijivu. Maji yake yalikuwa na ladha kidogo, kama ya rangi. Nyapara wetu alisema ni upya wa pipa, utakwisha, na sisi tuliendelea kuchota.

Siku ya pili Asha alianza kutapika. Kila nikimpa uji, anatapika. Nikimpa maji, anatapika na kurusha mikono kwa namna ambayo haikuwa ya mtoto anayelia. Alikuwa na mwaka na nusu. Mume wangu alikuwa porini na trekta. Alhamisi mchana, jua likiwa kali na watu wote kazini, nilisimama mbele ya mlango wa Fundi Betri. Haukuwa na kufuli, ulizuiwa kwa kijiti tu. Nilijua angenikatalia. Nilichomoa kijiti.

Nilijaza mtungi wangu mdogo kutoka kwenye chupa ya mbele. Sikujua kutumia mpira, niliinamisha chupa yenyewe, nikijihadhari nisiivunje. Maji yalishuka sana kwenye shingo, mtu yeyote angeona. Kwa hiyo nilirudi nyumbani, nikachukua maji ya pipa, nikaijaza chupa mpaka pale ilipokuwa. Nikaifunika kaniki. Mtungi wangu nikauficha chini ya kitanda.

Asha alikunywa maji ya Fundi Alhamisi na Ijumaa. Uji wake niliupikia maji yale. Ijumaa jioni aliacha kutapika, akalala, akaamka anadai muwa.

Jumamosi asubuhi Fundi aliniita. Hakupaza sauti. Alisimama mlangoni kwake, akasema, "Mama Asha, njoo uone."

Nikaenda. Kasha la kioo lilikuwa limejaa maji mapya aliyoyatia usiku. Madume yote, kumi na moja, yalikuwa juu, matumbo yametazama dari. Rangi ilikuwa bado haijawatoka. Alikuwa ameikunja mikono nyuma, kama mtu anayesikiliza hotuba.

"Kosa ni langu," alisema. "Chupa haikutakata."

Aliniuliza hali ya Asha. Nikamwambia hajambo, amepata nafuu. Akasema vizuri, akarudia tena, vizuri, kisha akaanza kuwatoa mmoja mmoja kwa kijiko.

Nilirudi kwangu nikakaa kitandani. Nilikuwa nimeshaelewa. Samaki walikufa kwa maji niliyoyatia mimi, na maji niliyoyatia mimi ndiyo yaliyokuwa yakinywewa na kambi nzima, na mtoto wangu alipona alipoacha kuyanywa. Mambo matatu hayo hata mtoto angeyaunganisha. Lakini nilijiambia samaki ni samaki. Nilijiambia Asha alikuwa akiota meno. Nikitoka kusema, itabidi niseme nimeyajuaje, na mume wangu ataitwa mume wa mwizi mbele ya wenzake, na mwizi wa jirani ni mbaya kuliko mwizi wa njiani. Nikamwaga maji ya pipa yaliyokuwa ndani mwangu, na siku ile nikaenda mbali mpaka kisima cha zamani cha chumvi, nikidai napenda maji ya kule. Kwa mtoto wangu nilikuwa nimeshaamini. Kwa watoto wa wenzangu nilikuwa bado natafakari.

Fundi aliwazika samaki wake nyuma ya nyumba, kwenye shimo alilolichimba kwa jembe. Watu walimwona.

Jumapili asubuhi Selemani alishikwa na degedege. Alikuwa mtoto wa jirani yangu wa upande wa pili, miaka minne, mtundu, anayejua majina ya trekta zote. Mama yake alikuwa mtu wa kwetu, naye katoka Chinongwe, tulitwanga kinu kimoja. Nilikwenda kukaa naye kama ilivyo ada. Niliishika miguu ya Selemani ilipokuwa ikipiga kitanda. Ilipotulia, mama yake alimwinua kichwa na kumnywesha maji. Mwili ulikuwa wa moto, na mtoto alitaka maji. Akampa tena. Na tena.

Chini ya kitanda changu, hatua kumi kutoka pale, mtungi ulikuwa na maji mazima yaliyobaki. Nilikuwa nayaona kwa macho ya moyo. Sikuinuka. Kuinuka kungekuwa kusema.

Nje walikuwa wakisema mengine. Mzee mmoja alisema wazi kwamba Fundi amezika kitu jana, na leo mtoto ameanguka. Walikwenda kufukua, wakakuta samaki, ikawa mbaya kuliko kama wasingekuta kitu. Vijana wawili walirusha mawe kwenye bati la chumba chake. Yeye alikuwa ndani. Hakutoka.

Selemani alifariki kabla ya jua kuzama. Tulimzika Jumatatu asubuhi.

Kutoka makaburini nilimkuta Fundi mlangoni kwake. Hakwenda kuzika, wangempiga. Nilikuwa bado nimejifunika kanga ya msibani. Nilimwambia yote pale pale nikiwa nimesimama, Alhamisi, kijiti, mtungi, maji ya pipa. Niliyasema kwa haraka, nusu Kiswahili nusu Kimwera. Aliniangalia muda wote bila kunikatiza.

"Umemwambia nani mwingine?" aliuliza.

"Wewe tu."

"Basi usimwambie mtu. Mwizi mmoja anatosha."

Sikuyaelewa maneno yale mpaka baadaye. Aliingia ndani, akatoka na chupa ya achari yenye mdomo mpana. Ndani yake yalikuwamo majike mawili, yaliyopauka. Aliyatenga kwa sababu madume yaliyasumbua, na kwa kuwa chupa ilikuwa ndogo hakuwa ameyabadilishia maji wiki ile. Akatembea nayo mchana kweupe katikati ya kambi, ameinyanyua kifuani, kila mtu aone.

Pipa lilikuwa kwenye uwanja mbele ya ofisi. Wanawake walikuwa kwenye foleni na ndoo. Nyapara alimwambia aondoe ushetani wake. Fundi akamwambia amwite Bwana, mzungu msimamizi wa kambi. Nyapara alikataa, lakini kelele zenyewe zilimtoa Bwana ofisini, mtu mrefu mwenye uso wa kuungua jua, na kalamu bado mkononi.

"Bwana, hawa ni wazima," Fundi alisema. "Naomba uwatazame."

Aliazima bakuli la mwanamke aliyekuwa mbele ya foleni. Akafungua bomba la pipa, akalijaza. Akayatia yale majike mawili, akaliweka bakuli chini, kwenye mchanga, akajitenga nalo hatua tatu ili asije akasemwa ameyagusa.

Waliogelea. Walizunguka bakuli mara nyingi, na mtu mmoja nyuma yangu akacheka. Bwana akaanza kugeuka. Kisha mmoja akaanza kwenda kwa kasi, akajigonga ukingoni, akajizungusha kwenye mkia wake kama anayejitafuta, akalala ubavu. Wa pili akafuata. Midomo ilifunguka na kufumba. Mimi nilikuwa namtazama mama yake Selemani, aliyekuwa amesimama upande wa pili na nguo za msiba. Alikuwa ameletewa habari kwamba mchawi anaonyesha kazi yake, akaja kuona. Alitazama bakuli. Kisha akatazama pipa. Alilitazama pipa muda mrefu.

Yule mwenye ndoo ya kwanza aliimwaga. Wengine wakamwaga.

Bwana aliamuru pipa lilazwe. Maji yalipokwisha akaingiza mkono, akakwangua kwenye mshono wa chini, akanusa vidole vyake, uso ukambadilika. Walikwangua rangi ya kijivu kwa nje, chini yake kukaonekana rangi nyingine na maandishi. Lilikuwa pipa la dawa ya kuua nzige. Mkandarasi alinunua mapipa matupu mahali fulani akayapaka rangi. Alasiri ile pipa lilitobolewa kwa sururu, na kesho yake lori likaleta jingine. Mtoto mwingine wa kambini aliyekuwa amelala hoi akapona. Kuhusu Selemani hakuna aliyesema neno. Mama yake hakuitwa ofisini.

Aliyeitwa ofisini ni Fundi Betri. Waliingia chumbani kwake wakatoa chupa nne, mpira na lile kasha la kioo, wakavipanga uwanjani kama vitu vya mwizi. Aliulizwa maji ya mtambo aliyachukua kwa idhini ya nani, na kwa kuni za nani. Alisema kwa idhini yake mwenyewe. Aliulizwa nani mwingine alihusika. Alisema hakuna. Akapewa barua ya kuachishwa kazi, na ahame kabla ya Ijumaa.

Alifungasha vitu vyake ndani ya gunia moja. Wengine kambini waliona aibu, wakamletea viazi. Wengine walisema samaki walikufa kwa sababu aliwaamuru. Alishika njia ya Ruangwa kwa miguu, asubuhi na mapema, kofia mkononi. Nilimwona kupitia mlango uliokuwa wazi. Ningeweza kumsindikiza mpaka kwenye kichuguu cha mwisho wa kambi, kama mtu anavyomsindikiza jirani. Nilijifanya napepeta.

Kambi nayo haikudumu. Karanga zilikataa ardhi, au ardhi ilizikataa, na ndani ya miaka michache wazungu waliondoka, trekta zikabaki zinaliwa na kutu, nyasi zikaota kwenye uwanja ule. Tulirudi Chinongwe, mume wangu akapanda mikorosho. Mama yake Selemani naye alikuwa amerudi. Tulichota kisima kimoja. Alinisalimu kila siku, kwa upole, akaulizia watoto, na alipomwulizia Asha alilitamka jina lake taratibu, akasubiri jibu mpaka mwisho.

Miaka sita baada ya mambo yale nilikwenda Ruangwa na ufuta. Nilikuwa nimeshauza, nimeshanunua chumvi na sabuni na vitambaa, na nilikuwa nikisubiri lori la kurudi, nilipoona mikono ninayoijua. Ilikuwa ikiunga taa ya bati kwenye baraza la duka. Madoa meupe yalikuwa yamepanda mpaka mabegani. Jicho lake moja lilikuwa limeingia ukungu. Alikuwa na jiko dogo la mkaa, chuma cha kuungia, na lundo la makopo.

Alinijua kwa sauti. Alimwulizia mume wangu, akamwulizia Asha. Nikamwambia ni binti mkubwa sasa, yupo shule. Akasema vizuri, akairudia. Neno lile lilinirudisha kwenye mlango wake, Jumamosi ile.

Nikakaa chini. Nikamwambia kwamba sijapata usingizi mzuri kwa sababu ya siku mbili zile nilizonyamaza, kwamba ningesema Jumamosi, Selemani angekuwa mkubwa kuliko Asha. Nikamwomba radhi kwa kazi aliyoipoteza na kwa mawe juu ya bati. Alikuwa akipuliza mkaa. Aliuacha.

"Mama Asha, mimi nilijua," alisema.

Nikamwuliza alijua nini.

"Niliinusa ile chupa Jumamosi asubuhi, kabla sijakuita. Nilijua kuna aliyechanganya, na nilijua kwa maji gani. Nilikuita nikutazame usoni. Ukaniambia mtoto amepata nafuu, nikajua yote." Aligeuza taa mkononi. "Nikasema kosa ni la chupa. Nikitoka kusema pipa ni bovu, wataniuliza nimejuaje, na watakuta maji ya kazini chumbani kwangu. Nikasema nisubiri. Labda watu hawatadhurika, wao si samaki. Jumapili nilimsikia yule mtoto kupitia kuta. Mawe yalipoanguka kwenye bati, niliona ni haki yangu."

Wapita njia walipita. Mtu alileta kopo, akalipokea, akampangia siku ya kulifuata.

Kisha aliniambia kwamba alikwenda Chinongwe. Mwaka wa juzi, baada ya mavuno. Aliuliza nyumba ya mama yake Selemani, akamkuta, akamweleza sehemu yake yote, tangu kuinusa chupa mpaka kunyamaza. Yule mama alisikiliza. Akampa chakula, wakala.

"Alisema nini?" nikauliza.

"Alisema amesikia. Kisha nilipoinuka akaniuliza, ndani ya maji yako yale ya pipa yaliingiaje? Uliyatia wewe?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia sikuyatia mimi. Akauliza ni nani. Nikamwambia hilo si langu kulisema." Alichukua chuma chake, akakitazama kama kimeiva. "Hakuniuliza tena. Alisema atangoja."

Lori lilipiga honi. Nilipanda na mzigo wangu, nikakaa juu ya magunia, na njia nzima nilikuwa nahesabu asubuhi za kisimani, mwaka wa juzi, mwaka jana, mwaka huu, na namna alivyolitamka jina la mwanangu akasubiri jibu mpaka mwisho. Lilituteremsha Chinongwe alasiri. Nyumba yangu ndiyo ya kwanza ukitoka barabarani. Asha alikuwa uani, akaniona, akanipungia. Nikaipita, nikaenda kwa mama yake Selemani, mzigo ukiwa bado kichwani.